Kipimo cha Sahani

Nchi yetu haina matatizo. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akapoteza muda kuyatafuta. Yapo mambo madogomadogo, kama mabomba yanayokohoa hewa badala ya kutoa maji, au shimo la barabara kuu ambamo watoto wetu hufundishiwa kuogelea. Lakini mambo hayo, ukiyalinganisha na ya Ng'ambo, ni neema tupu.

Ng'ambo ni nchi iliyo upande wa pili wa mto. Wao nao hutuita sisi Ng'ambo, jambo linaloonyesha jinsi walivyokosa malezi.

Kazi ya kulinganisha ilikuwa ya Wizara ya Ulinganisho, chini ya Mheshimiwa Ndimangwa, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza watoto. Mimi ni mwandishi wa Shwari Leo, gazeti la serikali, na nilipewa heshima ya kumfuata Mheshimiwa kila aendako na kuandika aliyoyasema, mara nyingine kabla hajayasema. Kila jioni alikuwa redioni akijibu wananchi. Mama mmoja alipiga simu kusema zahanati ya kwao haina dawa.

"Mama yangu," Mheshimiwa akamjibu, "Ng'ambo hawana hata zahanati."

Mama akashukuru, akakata simu, akaenda kuugua kwa moyo mweupe. Ng'ambo nao walikuwa na wizara kama yetu, na upepo ukiwa mzuri redio yao ilisikika ikiwaambia watu wao kwamba kwetu wagonjwa wamekwisha kwa sababu wote wameshakufa. Uongo mtupu! Wagonjwa tulikuwa nao tele.

Tuliishi hivyo kwa raha mpaka Ng'ambo walipotufanyia uhaini. Walifukia shimo lao la barabara kuu. Hawakutoa taarifa, hawakuomba radhi. Asubuhi moja watu wetu walioko kando ya mto waliona tu magari ya kule yanapita mteremko bila kuyumba. Baraza la Mawaziri likakutana haraka. Mjumbe mmoja, ambaye siku hizi hatuna habari zake, alipendekeza tufukie na la kwetu. Wengine walimtazama kwa huruma, kisha Mheshimiwa Ndimangwa akatoka nje kuhutubia taifa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mmekuwa mkijiuliza kwa nini maisha ni magumu. Nami nimejiuliza. Nimejiuliza nikiwa nimekaa, nimejiuliza nikiwa nimesimama, na nimejiuliza nikiwa ndani ya gari. Jibu ni wageni! Wamevuka mto, wamejichanganya nasi, wanakunywa maji yetu."

"Mabomba hayana maji, Mheshimiwa," sauti ikatoka katikati ya umati.

"Mnaona? Wameshayamaliza."

Makofi yalipigwa mpaka vumbi likatimka. Nami nilipiga, na bado naona hoja ile ilikuwa nzuri.

Tatizo, samahani, jambo dogo lililobaki, lilikuwa kumjua mgeni ni nani. Watu wa Ng'ambo wana sura kama zetu na wanasema lugha yetu. Tumeoana nao, tunazikana nao, na tunagombania nao timu zilezile za mpira. Vitambulisho vya taifa vilikuwa bado vinachapishwa tangu enzi za rais aliyepita, ambaye mwenyewe alifariki akisubiri chake. Wataalamu walipendekeza wapime damu, wapime pua, wapime jinsi mtu anavyocheka. Ndipo Mheshimiwa, akiwa mezani kwake anamalizia paja la kuku, alipopata wazo lililoliokoa taifa.

Sisi tuna desturi moja ambayo Ng'ambo hawana. Mtu wetu akikaribishwa chakula, hali. Anasema, "Ahsante, nimeshiba." Anakaribishwa tena, anasema, "Wallahi nimetoka kula sasa hivi." Anakaribishwa mara ya tatu, anashika tumbo kuonyesha lilivyojaa. Mpaka mwenyeji aape, amvute mkono na kutishia kununa, ndipo mgeni huketi akisema, "Basi nionje tu." Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Watu wa Ng'ambo, kwa upande wao, ukiwaambia karibu, wananawa.

Kwa hiyo kikaanzishwa Kipimo cha Sahani. Kila mkaazi aletwe mbele ya meza. Meza iwe na sahani ya pilau ya nyama, ya moto, na afisa aseme "Karibu chakula" mara tatu. Atakayekataa mara zote ni raia. Atakayekula kabla ya hapo ni mgeni, avushwe daraja siku hiyohiyo. Lilikuwa wazo zuri, rahisi, la kizalendo. Hakuna aliyekumbuka kwamba mvua haikunyesha misimu miwili, na kwamba wananchi wengi wakati huo walikuwa wakila mlo mmoja kwa siku, tena siku zenye bahati.

Mpishi wa Kipimo alikuwa Nyamizi, mwanamke mfupi mwenye mikono ya nguvu, ambaye pilau yake ilijulikana katika kila harusi mjini kwetu. Aliipokea kazi kwa furaha. Mumewe, Kapalata, alikuwa fundi wa kupiga lipu, na hakuna mtu aliyekuwa akijenga. Wizara ilimpa Nyamizi jiko chini ya turubai, pale penye kichwa cha daraja, na afisa wa meza akawa Sajini Mlekwa, kijana mnyoofu aliyeamini kila kitu kilichopigwa muhuri.

Siku ya kwanza mstari ulianzia darajani ukapotelea sokoni. Wa mbele alikuwa Mwalimu Eliwaza, aliyestaafu baada ya kufundisha nusu ya mji, Sajini akiwemo.

"Karibu chakula, mwalimu," Sajini akasema.

Mwalimu akavuta kiti, akanawa.

"Mwalimu!" Sajini akanong'ona. "Si wewe uliyetufundisha kukataa?"

"Niliwafundisha nikiwa nimekula, mwanangu," akasema Mwalimu Eliwaza, akakata nyama.

Akavushwa. Wakafuata wabeba mizigo, washona viatu, wauza mkaa, manesi, wafagizi. Wengine walijitahidi. Walikataa karibu ya kwanza machozi yakiwalenga, lakini kwenye karibu ya pili Nyamizi alikuwa akifunua sufuria, mvuke ukatambaa juu ya meza, na uzalendo ukaisha. Walioshinda bila taabu walikuwa waheshimiwa, wakurugenzi na wenye maduka makubwa. Hao waliitazama pilau kama unavyoitazama mvua ukiwa ndani ya nyumba, wakasema nimeshiba mara tatu, na ilikuwa kweli. Jioni Mheshimiwa alitangaza redioni kwamba wageni ni wengi kuliko hata yeye alivyohofia.

Zamu ya Kapalata ilipokaribia, Nyamizi alimfanyisha mazoezi nyumbani.

"Karibu chakula," akamwambia, akimsogezea sahani tupu.

"Ahsante, nimeshiba."

"Karibu bwana, usione haya."

"Nimetoka kula sasa hivi, shemeji."

"Usiniite shemeji, mimi mkeo. Karibu!"

Kapalata akashika tumbo kwa ustadi kiasi kwamba mkewe alicheka, akambusu kwenye paji la uso. Mbele ya sahani tupu hakuna raia aliyemzidi. Lakini asubuhi yake, pale mezani, mbele yake palikuwa na pilau ya mke wake mwenyewe, ambayo hakuwa ameionja tangu Idi. Sajini akasema karibu. Kapalata alifungua mdomo kukataa, na mkono ukawahi.

"Nimeshiba," akasema, mdomo umejaa.

Kesi hiyo ilikuwa ngumu. Maneno yalikuwa ya raia, mkono ulikuwa wa mgeni. Mheshimiwa Ndimangwa aliitwa, akazunguka meza, akakuna kidevu, na kutoa hukumu iliyoingizwa kwenye kanuni siku hiyohiyo: "Mkono ndio ushahidi."

Wakamvusha daraja na mdomo wake umejaa. Nyamizi alisimama na mwiko mkononi akimwangalia mpaka alipokuwa doa dogo, na sitasahau uso wake. Niliandika gazetini kwamba mpishi alibubujikwa na machozi ya furaha. Iliniuma kuandika hivyo, lakini ukurasa ulikuwa na nafasi ya furaha tu.

Kuanzia siku hiyo Nyamizi alitaka jambo moja tu duniani, nalo ni kuwa mgeni. Hakuruhusiwa kuvuka kwa hiari yake, maana raia wetu haendi Ng'ambo. Ataonekana amelinganisha mwenyewe. Alitakiwa afukuzwe. Basi alijipakulia sahani, akaketi mbele ya Sajini.

"Sajini, niangalie. Nakula."

"Unaonja, mama. Wewe ni mpishi."

"Nakula sahani nzima!"

"Unaonja kwa bidii," Sajini akasema kwa heshima. "Kanuni inasema kuonja ni kazi ya umma, na anayeonja ni mpishi. Mpishi hapimwi. Halafu ikama ya ofisi inaruhusu mpishi mmoja tu, na ndiye wewe. Ukiondoka nani atapika?"

Alijaribu mara nyingi, akanenepa, na hakufukuzwa.

Wakati huohuo taifa lilianza kuvuna matunda. Waziri wa Kazi alitangaza kwamba hakuna tena asiye na ajira, kwa kuwa wote wasio na ajira wamevushwa. Foleni za hospitali zikaisha. Daktari alikuwepo, ila nesi, mfagizi na mtu wa kufungua lango walikuwa Ng'ambo, kwa hiyo lango lilibaki limefungwa na daktari ndani. Shimo la barabara halikuwa na watoto tena. Takataka za mjini, ambazo zamani wageni waliziiba kila asubuhi na kuzipeleka kusikojulikana, sasa zilibaki mikononi mwa wananchi wenyewe.

Tena tulipata wahamiaji wa hali ya juu. Walivuka kutoka Ng'ambo wakiwa na masanduku ya ngozi na vitambi vya kupendeza, wakasema wamefukuzwa kwao. Wakapimwa, wakakataa pilau mara tatu bila hata kuitazama, wakapigiwa vigelegele. Raia kamili! Wakauliza nani atabeba masanduku. Masanduku yapo darajani hadi leo.

Mheshimiwa alishangaa kwa nini Ng'ambo wafukuze watu bora namna ile, tena kwa nini wageni wetu wasirudishwe hata mmoja. Ikaandaliwa ziara ya mafunzo ya kulinganisha sera za uhamiaji. Tulikwenda wawili, yeye kulinganisha na mimi kuandika kwamba sisi ni bora. Tulipofika darajani Nyamizi alimsogelea, akapiga goti.

"Mheshimiwa, mume wangu yuko huko. Anaitwa Kapalata, fundi lipu. Nirudishie, au nipeleke."

"Mama, nikimkuta nitamlinganisha," Mheshimiwa akamjibu, akampapasa bega.

Upande wa pili tulipokelewa na afisa wao, mama mmoja mchangamfu aliyejifunga kanga juu ya sare. Mbele yake palikuwa na meza na sahani ya ugali na mchicha.

"Karibuni chakula," akasema.

"Ahsante, tumeshiba," tukajibu pamoja, kama watu waliolelewa.

Mama akaiondoa sahani. Tukangoja karibu ya pili, haikuja. Alituandika wageni, akatuonyesha banda la wageni, akatueleza kwamba kipimo ni hichohicho, ila huku kinasomwa kutoka upande wa pili.

"Mtu anayekataa chakula cha watu," akasema, "ama ana kiburi ama anatuona wachawi. Raia wetu hawezi kuwa hivyo. Wote waliokataa tumewavusha kwenu. Na waliokuja kutoka kwenu, masikini, walikula mpaka sahani ikalia. Raia safi! Wizara yetu inasema matatizo yetu yote yaliletwa na wageni walioshiba."

"Na yamekwisha?" Mheshimiwa akauliza kwa wivu.

"Hapana. Hela za kulipa mishahara ziliondoka na wale wa masanduku. Lakini tuna mafundi wengi."

Bandani humo chakula kililetwa asubuhi, mchana na jioni, na kila mara tulikaribishwa mara moja tu. Mimi nilikwisha fungua mdomo kukubali, Mheshimiwa akanikanyaga mguu. Waziri wa Ulinganisho akila karibu ya kwanza, aliniambia, atakuwa raia wa Ng'ambo, na taifa litabaki halina wa kulilinganisha. Kwa hiyo tulishiba. Tulishiba mpaka tukawa tunaona nyota mchana.

Fundi aliyekuwa akipiga lipu ukuta wa banda alishuka ngazi kuja kutusalimu. Alikuwa Kapalata, mzima, mashavu yamejaa.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Mke wangu hajambo?"

"Hajambo," Mheshimiwa akasema kwa sauti iliyokuwa ikitokea mbali. "Anapika."

Kapalata akageuka ukutani, akapangusa uso kwa mkono wenye saruji. "Mwambieni nimejifunza kupika mwenyewe," akasema. "Mwambieni chakula changu ni kibaya sana."

Tuliondoka siku iliyofuata, Mheshimiwa akiniegemea, mimi nikiegemea ukingo wa daraja. Alikuwa ameshapata matokeo ya ziara: Ng'ambo ni kubaya. Lakini katikati ya daraja upepo ukageuka, ukatuletea harufu ya iliki, bizari na nyama inayokaangwa na vitunguu, na Mheshimiwa akaanza kutembea peke yake, haraka, kama ng'ombe aliyeona maji.

Kanuni ilisema kila anayevuka apimwe, wa cheo chochote. Aliiandika yeye. Nyamizi aliweka sahani mbili mezani. Alimtazama Mheshimiwa machoni, akaona hajarudi na mtu, akafunua sufuria.

"Karibu chakula, Mheshimiwa," akasema Sajini Mlekwa, kalamu tayari.

Yaliyofuata sikuyaona vizuri kwa kuwa nilikuwa nimeinamia sahani yangu. Nilisikia tu. Nilisikia sauti ya mtu anayekula bila kupumua, kisha sauti ya Sajini.

"Mheshimiwa. Kanuni inasema mkono ndio ushahidi."

"Kanuni niliitunga mimi!"

"Ndiyo maana naiheshimu, Mheshimiwa."

Nikainua kichwa. Mheshimiwa Ndimangwa alikuwa na punje za wali kidevuni, na macho ya mtu anayeliona daraja kwa mara ya kwanza. Nilimwona akitafuta pa kutokea. Kisha uso ukang'aa.

"Sijala," akasema. "Nimeonja."

Sajini alifikiri. Ilikuwa kazi nzito, mishipa ilimtoka shingoni. "Anayeonja ni mpishi," akasema polepole.

"Basi mimi ni mpishi!"

Nyamizi aliweka mwiko chini. Alifungua aproni yake, akamzungushia Mheshimiwa kiunoni na kuikaza kwa mafundo mawili.

"Ikama ni ya mpishi mmoja," akasema.

Sajini akaitikia kwa kichwa, kwa sababu maneno yalikuwa yake. Nyamizi akazunguka meza kutoka upande wa jikoni hadi upande wa wananchi, akavuta kiti, akanawa mikono, akangoja.

"Karibu chakula, mama," akasema Sajini Mlekwa.

"Ahsante. Nimekaribia."

Akala. Alikula sahani nzima akilia na kucheka, na Sajini akamwandika mgeni akipangusa macho, akisema ni moshi. Mimi pia niliandikwa mgeni, maana sikuwa nimeonja. Nilikuwa nimekula sahani yangu, nikaongezewa ya pili. Tukavuka pamoja, Nyamizi mbele na sufuria yake kichwani, mimi nyuma na kalamu.

Upande wa pili yule mama wa kanga aliweka sahani mezani. Kapalata alikuwa amesimama nyuma yake, nguo zote saruji, na hakuthubutu hata kumwita mkewe, kwa kuwa kipimo ni kipimo. Nami hapo nikaona hatari iliyokuwepo. Nyamizi alikuwa ametoka kula sahani iliyojaa, tena ya pilau. Safari hii alikuwa ameshiba kweli.

"Karibu chakula," akasema afisa, mara moja.

Nyamizi aliitazama sahani. Ugali ulikuwa na madonge, mchicha umegeuka mweusi. Akanawa, akakata tonge, akalimeza kwa taabu, akakata jingine.

"Hiki chakula hakina chumvi," akasema. "Nani kapika?"

"Mimi," Kapalata akasema.

"Nilijua," akasema Nyamizi, na akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Ndipo walipokumbatiana, yeye akawa saruji mwili mzima, na hata afisa akapiga vigelegele.

Zamu yangu ikafika. "Karibu chakula," nikaambiwa, nami nilikuwa na sahani mbili tumboni na malezi ya mama yangu kichwani, mdomo ukasema wenyewe: "Ahsante, nimeshiba."

Kwa hiyo, nikiwa mgeni pande zote mbili, makala haya nayaandikia katikati ya daraja, mahali pazuri sana kwa kulinganisha. Kutoka huku kwetu inakuja harufu ya pilau iliyoungua. Mheshimiwa anajitahidi, ila sasa hakuna anayeshindwa kipimo, na anasema hayo ni mafanikio ya sera. Kutoka kule inakuja harufu nyingine, ninayoifahamu. Kila siku Nyamizi hutembea mpaka mwisho wa daraja, anaweka sahani chini, anapaza sauti: "Karibu chakula!" Mara moja tu, ndiyo desturi ya kule. Na kila siku mdomo wangu umekuwa ukijibu kabla yangu.

Leo nimenawa kabla hajaita.